Kwa nini akili mnemba hukosea mizani

Shairi likitungwa na akili mnemba huletwa kwa mhariri na maneno yaleyale: "Mizani usihangaike nayo, hiyo ni kompyuta, hesabu haikosei." Inakosea. Inakosea hesabu hiyo ya silabi za kila mshororo mara nyingi, na sababu inajulikana.

Modeli ya lugha, yaani akili mnemba inayoandika matini, haipokei silabi. Matini hukatwa kwanza kuwa tokeni, yaani vipande vya maneno, na mipaka ya tokeni hufuata vipande vilivyojirudia sana kwenye data ya mafunzo. Katika data ya GPT-3, modeli ya kampuni ya OpenAI ya mwaka 2020, Kiingereza kilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya maneno yote. Kwa hiyo "wanaondoka", lenye mizani tano, wa-na-o-ndo-ka, linaweza kuingia likiwa vipande vichache visivyolingana na silabi hizo. Ukiagiza mishororo ya 8 kwa 8, yaani mizani nane kila nusu, unapewa kitu chenye sura ya mshororo wa urefu huo. Hakuna aliyehesabu.

Huu ni mfano nilioutunga kuonyesha kosa la kawaida:

Kalamu nimeishika, niandike ya moyoni,
Wasomaji wananiita, wasikie ya rohoni.

Ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo; ya pili ni utao) wa mshororo wa pili una mizani 9: wa-so-ma-ji-wa-na-ni-i-ta. Na kina kimevunjika. Wa kwanza unaishia kwa -ka, wa pili kwa -ta. Modeli huridhika hivi na irabu "a", wakati kina ni silabi nzima. "Wasomaji wanataka" lingemaliza makosa yote mawili. Vina vya mwisho huwa salama zaidi, kwa sababu -ni ya mahali imejaa kila kona. Vya kati ndivyo vinavyopotea.

Tafadhali usiiulize modeli "mizani iko sawa?" Mara nyingi itajibu ndiyo, kwa ukadiriaji uleule ulioleta kosa. Iagize iandike kila ukwapi na utao kwa vistari kati ya silabi, na iweke namba chini ya kila silabi. Hapo makosa hupungua sana, maana sasa kila silabi imeandikwa peke yake.

Wengine husema: basi tuandike programu ndogo ihesabu irabu, mambo yaishe. Hapa ndipo uvumilivu huniisha. Irabu zitakufikisha mbali, kisha utakutana na "m". Katika "mtu" na "mbwa" ni mizani yake yenyewe: m-tu, m-bwa. Katika "mbuzi" si mizani: mbu-zi. Unaweza kuweka sheria kwamba m mbele ya b haihesabiwi isipokuwa katika orodha fulani ya maneno, lakini orodha haitoshi. "Mtu mbaya" ni m-tu m-ba-ya, mizani tano. "Njia mbaya" ni nji-a mba-ya, nne. Neno limeandikwa kwa herufi zilezile, ila la kwanza lina kiambishi cha ngeli ya watu na la pili lina nazali, sauti ya puani, ya ngeli nyingine. Mbuni ndege ana mizani mbili, mbuni wa mitindo ana tatu. Kuhesabu mizani kunadai uelewe sentensi, na sauti iliyomo haijaandikwa popote kwenye herufi.

Hata sisi tunaohesabu kwa vidole hatujaafikiana. "Daktari" wengine huhesabu tatu, dak-ta-ri, wengine nne, da-k-ta-ri. "Labda" ni hivyohivyo. Vitabu vya kidato huchagua upande mmoja na kunyamaza. Mimi hufuata mahadhi: nikighani na k ikadai pigo lake, nalihesabu. Najua huo si msimamo unaoweza kuandikwa kwenye programu.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye hesabu. Mshairi akizidiwa hutumia inkisari, "amenituma" ikawa "menituma". Akipungukiwa huongeza, "enda" ikawa "enenda". Modeli imelelewa na nathari sanifu, kwa hiyo huikwepa ruhusa hiyo na kujazia "sana", "kweli" na "leo" mpaka idadi itimie. Ubeti wa mizani 16 kamili kila mshororo, wenye "sana" tatu, ni ubeti mbovu.

Simaanishi kwamba modeli hutunga neno kwa neno bila kuona mbele. Utafiti wa 2025 ulionyesha modeli moja ikichagua neno la kina kabla ya kuanza mstari, katika beti za Kiingereza. Tumia uwezo huo: chagua vina wewe mwenyewe. Ipe orodha ya -ka (fika, shuka, taka, cheka) na ya -ni, kisha omba ukwapi na utao kando kando, matoleo matano ya kila kimoja. Yaghani yote kwa sauti. Utakaloona limejaziwa, litupe lote. Kung'oa "sana" moja huacha pengo la mizani mbili, na modeli italiziba kwa "kweli".