Fritz Pollard alikuwa kocha mkuu miaka 68 kabla ya Art Shell

Dhana: Kocha mkuu wa kwanza mweusi wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ni Art Shell, aliyeteuliwa mwaka 1989.

Ukweli: Shell ni wa kwanza wa zama hizi. Mwaka 1921 Fritz Pollard, mchezaji mweusi, alikuwa kocha mkuu mwenza wa Akron Pros ya Ohio, na siku ya mechi alivaa jezi akacheza. Ligi ilianza 1920 kwa jina jingine, ikaitwa NFL mwaka 1922, lakini ni ligi ileile. Msimu wake wa kwanza bingwa alikuwa Akron, bila kupoteza mechi hata moja, na Pollard alikuwamo.

Dhana: Ukocha alipewa kwa sababu ya jina lake tu.

Ukweli: Alikwenda Akron akiwa kocha tayari. Tangu 1918 alifundisha timu ya Lincoln, chuo cha Wamarekani weusi huko Pennsylvania (ndiko walikosoma baadaye Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah). Hata alipoanza kulipwa kucheza Akron mwaka 1919, vijana wa Lincoln hakuwaacha hapo hapo.

Dhana: Nyota kama yeye hakuguswa na ubaguzi.

Ukweli: Aliguswa vibaya sana. Pollard mwenyewe alisimulia kwamba alibadilishia nguo kwenye kiwanda cha sigara cha Frank Nied, mmoja wa wenye timu, kisha akapelekwa uwanjani mechi ikikaribia kuanza. Akiangushwa, wapinzani walimrukia ili wamuumize. Mwili wake ulikuwa mdogo, kama kilo 75 hivi, basi alijifunza kujigeuza chali upesi na kuinua miguu, meno ya njumu yakiwatazama wanaokuja. Aliyetaka kumrukia alifikiri mara mbili.

Dhana: Wachezaji weusi waliingia NFL mwaka 1946.

Ukweli: Walirudi. Baada ya msimu wa 1933 timu ziliacha kuwasajili, bila kanuni yoyote ya maandishi, hadi Los Angeles Rams ilipowachukua Kenny Washington na Woody Strode. Kuwaita hao wawili waanzilishi ni kufuta kizazi kizima kilichofungiwa mlango. Katika miaka hiyo ya kufungiwa Pollard aliendelea kufundisha, safari hii New York Brown Bombers, timu ya weusi watupu iliyopewa jina la utani la bondia Joe Louis.