Stesheni Ndogo za Ugogoni: Nani Alizihitaji, na Kwa Nini Zimeachwa

Vijana wa kwetu wakishajua kwamba nilikuwa stesheni masta, huniuliza swali lilelile. Mjerumani alikuja kujenga jengo la mawe namna ile porini kwa sababu gani, na mbona leo limeachwa lianguke wakati kijiji kimekua na watu wapo?

Jibu langu huwakera kidogo. Stesheni zile zilijengwa kwa ajili ya injini. Kijiji kilifuata baadaye, kikaota pembeni ya tangi la maji na dirisha la tiketi, kikazoea kuiona stesheni kama mali yake. Injini ilipoacha kuihitaji stesheni, hakuna aliyekwenda kukiuliza kijiji. Nimefanya kazi kwenye njia hii, kuanzia stesheni moja ndogo magharibi ya Dodoma, upande wa bonde la Bahi, na nataka kueleza jambo hili taratibu, maana wanaolijua kwa mikono yao wanapungua kila mwaka.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni zaidi ya kilomita 1,250 za njia moja yenye upana wa mita moja kati ya reli na reli. Kwa sehemu kubwa ilifuata njia ya misafara ya zamani kutoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika, lakini haikuifuata kwa utii. Msafara wa wapagazi unaweza kupanda mlima wowote, treni haiwezi. Mpwapwa, mji maarufu wa misafara, uliachwa kando, reli ikapita Gulwe. Kilimatinde, uliokuwa na boma la Wajerumani, nao ukaachwa. Reli ikapandia Saranda, na Manyoni ndiyo ikaja kuwa makao ya wilaya. Dodoma kwa upande wake ilipata reli, na reli ndiyo iliyoifanya Dodoma kuwa mji. Mhandisi aliyekuwa anatafuta mteremko mpole na maji ya kunywesha injini ndiye aliyegawa bahati za miji ya katikati ya nchi hii.

Na maji ndiyo yalikuwa shida hasa. Injini ya mvuke inakunywa maji mengi kuliko inavyokula kuni au mafuta, na Ugogo ni nchi kame: mvua inanyesha kati ya Desemba na Aprili, ikiwa imekuja, na miezi inayobaki mito ni mchanga mtupu. Tena si kila maji yanafaa. Ukanda wa Bahi una chumvi, ndiyo maana watu wa huko wamechemsha chumvi ya kula tangu zamani. Maji ya chumvi yakiingia kwenye boila, yanaacha utando mgumu juu ya mabomba. Utando ule unazuia joto lisipite, mafuta yanaungua bure, na chuma kinapata moto kupita kiasi mpaka kinapinda au kupasuka. Kwa hiyo penye kisima chenye maji matamu pakawekwa pampu, tangi juu ya nguzo za mawe, na mlingoti wa kujazia injini. Mwenye pampu alikuwa mtu mzito. Treni inaweza kuchelewa kwa sababu mia, lakini ikikuta tangi tupu, hesabu zote za siku hiyo zimeharibika.

Nilipoajiriwa mimi mvuke ulikuwa umebaki kidogo sana, dizeli zimekwisha kushika njia kuu. Hata hivyo tangi letu lilikuwa bado linafanya kazi, na foleni ya ndoo za akina mama ilikuwa ndefu kuliko foleni yoyote ya abiria. Hilo halikuandikwa kwenye kanuni yoyote ya shirika. Mabwana wa stesheni waliotutangulia waliliruhusu, nasi tukaliendeleza, maana hakuna mtu mwenye moyo atakayekaa kivulini akimtazama mama mjamzito akienda kuchimba mchanga wa mto Oktoba na yeye ana bomba mlangoni.

Sababu ya pili ya stesheni kuwepo ni kupishana, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yetu yenyewe. Njia ni moja. Treni ya kwenda Tabora na treni ya kwenda Dar es Salaam haziwezi kukutana popote isipokuwa penye njia ya pembeni, tunayoiita lupu. Moja inaingia lupu na kusubiri, nyingine inapita. Ndiyo sababu stesheni zimepangwa kila baada ya kilomita kumi na kitu au ishirini na kitu, hata pale ambapo hapakuwa na nyumba hata moja: Kigwe, Bahi, Kintinku, Saranda, na kuendelea. Ukizitenga mbali sana, treni zinasubiriana nusu siku.

Sasa, kipande cha njia kati ya stesheni mbili hakiruhusiwi kuwa na treni mbili. Kwetu ruhusa ilitolewa kwa simu na karatasi. Namwita mwenzangu wa stesheni ya mbele, namuuliza kama njia iko wazi. Yeye anatazama daftari lake: treni ya mwisho iliyotoka kwangu imefika? Imefika yote, pamoja na taa ya behewa la nyuma? Akiridhika ananipa namba, naiandika, naye anaandika yangu. Ndipo najaza karatasi ya ruhusa, nakala ya dereva na nakala ya gadi (msimamizi wa treni), naandika saa, natia sahihi. Dereva asiye na karatasi ile haondoki, hata awe amechelewa vipi na abiria wanapiga kelele madirishani. Suala la behewa la nyuma halina mchezo. Mabehewa yakikatika njiani na dereva akafika na nusu ya treni, ile nusu nyingine imelala gizani kwenye njia, na ukimruhusu wa nyuma aje, umeua watu.

Mkoa wa Dodoma unajua maana ya maneno hayo. Tarehe 24 Juni 2002, upande wa Igandu, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma bila breki na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Siwezi kueleza kazi ya stesheni masta bila kuwataja. Kila mmoja wetu aliyekuwa kazini miaka ile, akishika daftari la treni usiku, aliwashika na wao.

Ukiacha maji na ruhusa, yaliyobaki yote waliyaongeza watu. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwarobaini. Nikikigonga mara ya kwanza kuwa treni imeondoka stesheni ya jirani, kijiji kizima kinaamka. Kuku wanachomwa upya, mayai yanachemshwa, karanga zinafungwa kwenye karatasi, asali inapimwa kwenye chupa. Chumvi ya Bahi kwenye vifuko. Treni ya abiria ya usiku ilisimama dakika chache tu, na ndani ya dakika hizo watu wa Kigoma, Mwanza na Dar es Salaam walinunua, walisalimiana na Wagogo kwa "Mbukwenyi" ya kubahatisha, walishusha mizigo, na mara nyingine walishusha msiba. Simu ya stesheni ndiyo ilikuwa simu pekee. Habari za kifo, za mtoto kufaulu, za mgonjwa aliyelazwa Dodoma, zilipita sikioni mwangu kabla ya kumfikia mwenyewe, na kuzifikisha kwa heshima kulikuwa sehemu ya kazi ingawa hakukuwa na mshahara wake. Magazeti nayo yalikuja na gadi; mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza kuyapata.

Basi stesheni kama hii inakufaje? Haikufa siku moja, na sikubaliani na wanaosema barabara ya lami peke yake ndiyo iliyoiua. Dizeli ilikuwa pigo la kwanza, tena kimyakimya. Injini ya dizeli inatoka Dodoma na kufika mbali bila kuomba tone la maji. Pampu ikiharibika, nani atatuma fundi? Mwenye pampu akistaafu, nani ataajiriwa? Tangi likakauka, na foleni ya ndoo ikahamia kwingine.

Pigo la pili lilikuwa kupungua kwa treni. Ruhusa na lupu vina maana pale tu treni ni nyingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda Shirika lake la Reli, na shirika hilo lilibeba mzigo mzito kwa vifaa vilivyokuwa vinachakaa. Mwaka 2007 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya TRL, ubia wa serikali na wawekezaji kutoka India. Baada ya miaka michache ubia ukavunjika na serikali ikarudi kushika. Katikati ya hayo, mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, bonde la mto Mkondoa ambalo limeisumbua reli hii tangu enzi za ujenzi. Kwa miezi kadhaa treni za abiria hazikuweza kupita. Treni zinapokuwa chache kiasi hicho, stesheni mbili tatu mfululizo zinaweza kufungwa na hakuna treni itakayogongana na nyingine, kwa sababu hakuna nyingine. Lami ilipokamilika kuelekea Manyoni na Singida, basi likawa linamchukua abiria mlangoni kwake. Lami ilikuja kumzika aliyekwisha kukata roho.

Niseme kwa haki: reli yenyewe haijafa. Njia ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, imekarabatiwa, na mizigo inapita. Lakini treni ya mizigo haihitaji dirisha la tiketi. Na SGR, reli mpya ya kisasa, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi hadi Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, inakwenda kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa. Treni ya namna hiyo ikisimama kila kilomita ishirini, haina faida ya kuwa na kasi. Nimeipanda na nimefurahi kama mtoto. Inafanya vizuri kazi iliyojengewa, na kazi hiyo haina nafasi ya stesheni ndogo.

Kinachoniuma ni namna tunavyoyaacha majengo haya yapotee bila hata kuyasoma. Ukifika kwenye stesheni iliyoachwa, anza na ubao wa jina kama bado upo. Mbao nyingi zina tarakimu za kimo juu ya usawa wa bahari. Dereva wa mvuke alizihitaji kujua mlima unaomngoja. Tafuta nguzo za tangi, kisha tembea sambamba na njia kutafuta shimo refu lililojengwa kwa mawe kati ya reli: hapo walimwaga majivu, na maana yake injini zilikaa hapo, hazikupita tu. Tazama mataruma, yaani vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuzishikilia. Wajerumani walitumia ya chuma, maana mchwa wa huku hawabakizi mti, na kwenye chuma cha zamani, taruma au ubavu wa reli, utakuta jina la kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Soma na uache palepale. Anayeng'oa chuma cha reli kwenda kuuza chakavu anahatarisha maisha ya watu hata kama njia ile anaiona imelala, na ni kosa la jinai.

Ndani ya jengo, kitu cha thamani kuliko vyote ni karatasi. Daftari la treni linaonyesha saa ya kila treni iliyoingia na kutoka, miaka na miaka, kwa mwandiko wa watu ambao wengi wao wamekwisha tangulia. Ukilisoma kwa mpangilio unaona mvua kubwa zilipokata njia, unaona msimu wa mizigo, unaona mwaka ambao treni zilianza kupungua. Nimeona madaftari kama hayo yakifungiwa karanga sokoni. Yalipaswa kuwa kwenye nyaraka za taifa, au angalau kwenye kabati la shule ya sekondari ya jirani, mwalimu wa historia akiwa na ufunguo.

Kwa majengo, maoni yangu ni kwamba mamlaka ya reli na halmashauri zikubaliane kwa maandishi kuviruhusu vijiji vitumie yale yasiyotumika, bila kugusa eneo la hifadhi ya reli. Kuta za mawe zile ni imara. Zikitiwa bati na milango zinaweza kuwa kliniki ya mama na mtoto, au maktaba. Jengo linalotumika halibomoki haraka. Na pale ambapo kisima cha stesheni kilikuwa na maji matamu, wahandisi wa maji wa wilaya waanzie hapo kabla ya kuchimba kwingine. Kuna watu walikwisha kupima wakachagua mahali hapo kati ya pengi.

Kwa mwenye mzee nyumbani aliyefanya kazi relini, awe gadi, mtu wa genge (kikundi cha kutunza kipande cha njia), mwenye pampu au mke wa mmoja wao, kaa naye jioni moja na kalamu. Muulize genge lake lilianzia kilomita ipi na kuishia ipi. Muulize maji yalitoka wapi, nani alikuwa mnyapara, treni gani ilikuwa inapishana na ipi, na mwaka gani aliona taa ya stesheni haikuwashwa tena. Andika majibu kama anavyoyasema, kwa Kigogo au Kiswahili, na uandike tarehe juu ya ukurasa.