"Tuma njia, nikiiona nitaelewa"

Kauli hiyo, ya kuomba picha ya hatua za swali la hesabu ambalo mwenzako keshalifanya, imetawala magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa sekondari, na ndiyo inayowaangusha wengi. Kufuata mistari ya mwenzako ni kusoma tu. Kukokotoa ni kuamua mstari unaofuata uwe upi, na uamuzi huo aliyetuma picha keshakufanyia.

Chukua x² + 6x − 7 = 0, kwa kukamilisha mraba, yaani kuongeza namba pande zote mbili ili kushoto pawe mraba kamili. Picha inaonyesha x² + 6x = 7, kisha x² + 6x + 9 = 16, kisha (x + 3)² = 16, basi x = 1 au −7. Yote yanaingia akilini bila taabu. Sasa mpe msomaji huyohuyo 2x² + 6x − 7 = 0. Ataongeza 9 tena! Alichokariri ni 9, wala hakujua imetokana na nusu ya 6 iliyozidishwa kwa yenyewe. Hapa lazima kwanza ugawanye kila kitu kwa 2 upate x² + 3x = 7/2. Nusu ya 3 ni 3/2, kwa hiyo kinachoongezwa pande zote mbili ni 9/4, na unapata (x + 3/2)² = 23/4.

Ukitumiwa njia, isome mara moja, weka simu kando dakika 20, kisha fanya upya kwenye karatasi tupu. Ukikwama, chungulia mstari mmoja tu. Ukimaliza, badilisha namba uanze tena. Na wewe unayesaidia, acha kutuma picha ya daftari zima: muulize amekwama mstari gani, mpe hatua moja, umsubiri.

Kauli nyingine ya magrupu hayo: "Wengi wamepata hivyo, basi ni sahihi." Hapana. Kwa x² = 5x, grupu zima linaweza kugawanya kwa x na kukubaliana kuwa x = 5. Jibu la 0 limepotea, na kuhakiki hakutalirudisha, maana ukiweka 5 pande zote zinatoa 25. Andika x(x − 5) = 0, yatoke yote mawili.

Na anayeandika swali kwenye grupu husema: "Mabano si lazima, wataelewa." Hawataelewa. Ukiandika 6/2x, na x ni 3, mmoja atapata 9, mwingine 1. Andika 6/(2x) au (6/2)x. Bora zaidi, piga picha ya swali kitabuni, na maelezo ya juu yake yaonekane: sharti kama "x ni namba chanya" hukaa hukohuko, na ndilo linalokatwa.