Mfumo Unapozimika Ghafla: Namna Kumbukumbu za Mapokezi ya Korosho Zinavyorejeshwa

Malalamiko yanayoletwa kwenye kitengo chetu cha TEHAMA msimu huu kutoka Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa yanafanana: umeme ulikatika wakati karani anaingiza uzito, mfumo ukazimika, na uliporudi kilo za mkulima hazikuonekana, au zilionekana mara mbili. Wanaolalamika wanatetea jasho lao la mwaka mzima, na ni haki yao kuelezwa kinachofanyika ndani ya kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, katika muda ule ambao karani anawaambia wasubiri.

Muamala mmoja wa mapokezi una hatua tatu: uzito unaandikwa kwenye akaunti ya mkulima, jumla ya ghala inaongezwa, na namba ya stakabadhi inatolewa. Kanzidata huzichukua hatua hizo kuwa jambo moja lisilogawanyika. Zikamilike zote au isibaki hata moja. Kilo 480 zikiingia kwenye akaunti ya mkulima bila kuongezwa kwenye jumla ya ghala, hesabu za ghala na za AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) hazitalingana siku ya mnada, na malipo ya wakulima wengi yatachelewa kwa sababu ya mzigo wa mtu mmoja.

Ugumu unatokana na mahali taarifa zinapokaa. Ili seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha kanzidata, ifanye kazi kwa kasi, mabadiliko hufanywa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hupoteza kila kitu umeme unapokatika, kisha huhamishiwa kwenye diski baadaye na kwa mafungu. Kwa hiyo seva inapozimika, huenda mapokezi yaliyokwisha kuthibitishwa hayajafika kwenye mafaili ya taarifa yaliyo kwenye diski. Na kwa kuwa kumbukumbu ya muda hujaa na kulazimika kupunguzwa, huenda vipande vya mapokezi ambayo hayajathibitishwa vimekwisha kufika huko. Ndiyo sababu kila badiliko huandikwa kwanza kwenye daftari la mabadiliko, ambalo ni mafaili maalumu ya kompyuta, na muamala hauhesabiwi kuwa umethibitishwa mpaka mstari wake wa uthibitisho ufike salama kwenye diski inayotunza daftari hilo.

Seva inapowaka tena, huanzia kwenye alama ya karibuni iliyowekwa ndani ya daftari ili isilazimike kulisoma lote tangu mwanzo. Kutoka hapo husoma kwenda mbele na kurudia kila badiliko ambalo halikufika kwenye mafaili, kisha hurudi nyuma na kutangua mabadiliko ya miamala isiyo na mstari wa uthibitisho. Utaratibu huu wa kurudia kwanza na kutangua baadaye ulielezwa mwaka 1992 na C. Mohan na wenzake wa IBM kwa jina la ARIES, na kanzidata kadhaa kubwa zimejengwa kwa kufuata mawazo yake. Lililo muhimu zaidi kwetu sisi ambao umeme unaweza kurudi na kukatika tena muda mfupi baadaye ni kwamba hata kitendo cha kutangua huandikwa kwenye daftari, hivyo seva ikizimika katikati ya urejeshaji, kazi iliyokwisha kufanyika haiharibu hesabu inaporudiwa.

Kauli kwamba "mfumo umekula kilo" si sahihi na inafaa iachwe. Ikiwa namba ya stakabadhi haikutolewa, na uhakiki ukaonyesha kuwa muamala haukuthibitishwa, basi kilichoondolewa ni kipande cha muamala ambacho kingeharibu hesabu ya ghala zima kama kingebaki. Korosho zenyewe zipo, karatasi ya mzani ipo, na uzito utaingizwa upya. Vilevile, karani anayezima na kuwasha seva kwa sababu urejeshaji unachukua muda hauharakishi. Kazi iliyokuwa karibu kumalizika inaweza kuanza tena, na foleni ya wakulima inazidi kurefuka nje.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni mapokezi yanayoonekana mara mbili. Mtandao unaweza kukatika baada ya kanzidata kuthibitisha muamala lakini kabla ya jibu kumfikia karani. Skrini haimwonyeshi kitu, naye kwa nia njema anaingiza uzito uleule tena. Kutopata jibu si ushahidi kwamba taarifa haikuingia. Karani anatakiwa kwanza atafute kwa namba ya mkulima na namba ya karatasi ya mzani, na aingize upya pale tu ambapo muamala haupo. Wakulima nao wasimshinikize abonyeze tena. Shinikizo hilo ndilo linalozaa malalamiko tunayoyapokea wiki inayofuata.

Wapo pia wanaofuta mafaili ya daftari la mabadiliko diski inapojaa, wakidhani ni takataka. Tatizo hili halipo kwetu peke yetu. Waendelezaji wa PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata, walibadilisha jina la folda inayotunza daftari hilo kutoka pg_xlog kuwa pg_wal katika toleo la 10 la mwaka 2017, kwa sababu watu walikuwa wakiifuta wakidhani inatunza ripoti za kawaida tu. Daftari likifutwa, seva inaweza isiwake kabisa, au ikawaka ikiwa na hesabu zisizoaminika.

Diski yenyewe ikiharibika, daftari lililo juu yake haliwezi kuokoa kitu. Hapo inahitajika nakala rudufu pamoja na madaftari yote yaliyoandikwa tangu nakala hiyo ichukuliwe, vyote vikiwa vimetunzwa mahali pengine. Mwezi Mei 2024 ulitufundisha namna ya kuchagua mahali hapo: mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga, Kilwa, na tarehe 12 ya mwezi huohuo hitilafu za nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikadhoofisha intaneti Afrika Mashariki. Nakala iliyoko Dar es Salaam pekee ingeweza kuchelewa kufika Mtwara, iwe kwa gari au kwa mtandao. Kwa hiyo nakala moja ikae mbali, na nyingine ikae ndani ya mkoa, katika jengo tofauti na lile lenye seva.

Mwenye lalamiko alifikishe kwanza kwa katibu wa AMCOS yake akiwa na karatasi halisi ya mzani, tarehe na saa ya kupima, na jina la ghala. Katibu atajaza fomu ya uhakiki, ataisaini pamoja na mkulima, ataambatisha kivuli cha karatasi ya mzani na kuiwasilisha kwetu. Fomu isiyo na saini zote mbili itarudishwa. Sisi tutalinganisha fomu na daftari la mabadiliko, ambalo linaonyesha muamala ulianza lini na kama ulithibitishwa. Marekebisho hufanywa kwa muamala mpya wenye maelezo yake, na ule wa awali haufutwi.

Hatuwezi kumrekebishia mtu uzito kwa simu, hata akiwa kiongozi. Kubadilisha au kufuta taarifa za kompyuta kwa makusudi na bila uhalali ni kosa chini ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na katazo hilo linamhusu mtaalamu wa kitengo hiki kama linavyomhusu karani wa ghala.