Mfumo umeulipia, lakini ni wa nani?

Mimi ni wakili, na wateja wangu wengi ni kampuni changa za programu hapa Arusha. Swali wanaloanza nalo karibu wote ni moja: "Wakili, nifanyeje mtu asiniibie wazo langu?" Jibu langu huwakera. Huna la kufanya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, hailindi wazo. Inalinda kazi iliyokwisha kutungwa, na programu ya kompyuta imo humo kama maandishi mengine. Wazo la kuwakutanisha wenye magari ya utalii na wageni wanaotaka kwenda Serengeti wanalo watu wengi kuanzia Sakina hadi Usa River. Atakayelitekeleza vizuri atapata soko, na sheria haina ugomvi naye.

Kwa hiyo ile mikataba ya kutunza siri mnayotaka kumsainisha kila mtu kabla hamjafungua mdomo, iwekeni kwa ajili ya wale watakaoona msimbo (maandishi yenyewe ya programu), bei na orodha ya wateja wenu. Huko ina kazi kweli, maana siri za biashara kwetu zinasimama zaidi juu ya mkataba. Mwekezaji anayekuja kusikiliza maelezo ya dakika kumi hatasaini, na mimi simlaumu.

Hatari ninayokutana nayo kazini iko ndani ya nyumba. Watu wawili wana mtaji kidogo, programu hawajui kuandika. Wanampata chalii mmoja mkali, kamaliza chuo, anajitegemea. Wanaelewana kwa WhatsApp, pesa inatumwa kwa simu kwa awamu, na ujumbe unaofuata unasema "nimetuma ya awamu ya pili, tumalizie ile sehemu ya malipo". Mfumo unakamilika, unafanya kazi, kila mtu ana furaha. Kisha anatokea mwekezaji anayeomba hati inayoonyesha kwamba msimbo ni mali ya kampuni, na kilichopo ni picha za skrini za mazungumzo hayo.

Kuilipia kazi si kuinunua haki yake. Kama aliyeandika si mwajiriwa wako, hakimiliki hubaki kwake isipokuwa mkataba useme vingine, na kuhamisha haki kunatakiwa kufanyika kwa maandishi. Ulichonacho ni ruhusa ya kutumia, na hata mipaka ya ruhusa hiyo mtabishania. Kwa mwajiriwa ni nafuu, kwani haki za kiuchumi, yaani za kuitumia kazi kupata pesa, huhesabiwa zimekwenda kwa mwajiri kwa kadiri ya shughuli zake za kawaida. Lakini mhasibu wako akikuandikia programu usiku kwenye kompyuta yake mwenyewe, usitegemee hilo likubebe.

Mara nyingi ukurasa mmoja unatosha. Kifungu ninachokitumia husomeka hivi: "Mtaalamu anaihamishia Kampuni haki zote za kiuchumi katika msimbo chanzo, michoro ya skrini, muundo wa hifadhidata na maelezo ya matumizi, kwa kila awamu, mara tu malipo ya awamu hiyo yanapopokelewa." Hayo maneno ya mwisho wateja wangu hujaribu kuyafuta. Nayarudisha. Kijana asiyelipwa hana sababu ya kukabidhi, na mkataba unaomnyonya ndio unaozaa kesi. Vilevile naacha nafasi ya vipande alivyokuwa navyo kabla ya kazi yenu: hivyo vinabaki vyake, ninyi mnapewa leseni ya kuvitumia bila kikomo.

Waanzilishi wenyewe nao wamo. Msimbo ulioandikwa kabla kampuni haijasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Bara, ni wa aliyeuandika, hata kama leo ndiye mkurugenzi. Asaini naye hati ya kuihamishia kampuni. Washirika wakigombana, karatasi hiyo ndiyo inayoamua nani anaondoka na nini. Na akaunti inayohifadhi msimbo, seva na jina la tovuti viwe kwa barua pepe ya kampuni. Nimeona biashara ikisimama kwa sababu nywila ilikuwa kwa mtu aliyekwisha kuhamia Dar.

Programu huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia, sitaichambua sana hapa. Jueni tu kwamba huria haina maana ya kutokuwa na masharti. Leseni ya MIT, mojawapo ya leseni zake, inataka ubakize tangazo la hakimiliki. GPL, leseni nyingine ya aina hiyo, ni nzito zaidi: ukimkabidhi mteja programu iliyojengwa juu ya msimbo wake, mteja ana haki ya kupata msimbo chanzo kwa masharti yaleyale. Mwambieni mwandishi wenu awape orodha ya alivyotumia.

Limebaki jina. Cheti cha kampuni cha BRELA si usajili wa alama ya biashara; hilo ni ombi jingine, chini ya sheria ya mwaka 1986, na ulinzi wake ni miaka 7 kwanza, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma: programu ya kupakua huangukia daraja la 9, programu inayotumika mtandaoni bila kupakuliwa daraja la 42. Na ninyi mnaouza Serengeti pamoja na fukwe za Nungwi kwenye programu moja, alama ya Bara haivuki maji: Zanzibar ina sheria yake, na ombi la huko linapelekwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar.