Umbali wa Anga na Muda wa Safari: Tokyo hadi Los Angeles

Umbali wa anga kati ya miji miwili ni urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na kwa kuwa dunia ni mviringo, njia hiyo ni tao. Tokyo na Los Angeles ziko karibu latitudo moja, nyuzi 35 na 34 kaskazini, kwa hiyo mtu akitazama ramani ya ukutani hudhani ndege itakwenda mashariki moja kwa moja. Sivyo. Njia fupi hupanda hadi karibu nyuzi 48 kaskazini kabla ya kuteremka tena, na urefu wake ni takriban kilomita 8,800. Ukitaka kuamini, vuta uzi juu ya tufe la dunia.

Muda ndio wenye mambo mengi. Ndege kubwa za abiria huenda kwa kasi ya takriban kilomita 900 kwa saa. Gawa 8,800 kwa 900 upate saa 9 na dakika 47, kisha ongeza kama dakika 40 za kutembea uwanjani, kupanda na kushuka, maana humo ndege haijafikia kasi hiyo. Hesabu hii ingetosha kama hewa ingetulia. Lakini kasi ya 900 hupimwa dhidi ya hewa, wala si dhidi ya ardhi, na juu ya Pasifiki ya kaskazini hupita mkondo wa upepo mkali utokao magharibi, ambao wakati wa baridi huweza kuzidi kilomita 300 kwa saa.

Tuseme wastani wa upepo njiani ni kilomita 100 kwa saa. Kwenda Los Angeles kasi inakuwa 1,000: saa 8 na dakika 48, pamoja na zile 40, karibu saa 9 na nusu. Kurudi ni 800: saa 11, jumla saa 11 na dakika 40. Upepo haufidii ulichochukua, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo wa mbele kuliko ndani ya ule wa nyuma. Ndiyo maana marubani wa kurudi Tokyo mara nyingi hupewa njia ya kaskazini zaidi, ndefu kidogo kwa kilomita lakini fupi kwa saa.

Kosa linalowasumbua wengi ni kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Tiketi huandika saa za kila mji, na wakati wa baridi Tokyo iko mbele kwa saa 17 (majira ya joto ni 16). Anayeondoka Tokyo saa 11 jioni hufika Los Angeles saa 3 na nusu asubuhi ya siku ileile. Badili kwanza saa zote mbili ziwe za mji mmoja, ndipo utoe.

Anga likifungwa, umbali wa tao hausaidii kitu. Tangu 2022 ndege nyingi za Ulaya hazipiti juu ya Urusi, na safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ya takriban saa 9 na nusu, sasa huchukua kama saa 13.