Chanjo ya Safari: Kwa Nini Hatuwezi Kukurudishia Tarehe Nyuma

Malalamiko yanayotufikia siku hizi yanafanana. Mtu ana safari kesho kutwa, anafika kliniki na pasipoti mkononi, anaambiwa cheti chake cha chanjo ya homa ya manjano hakitatambulika kabla ya siku 10 kupita tangu achanjwe, naye anaondoka akiamini amezungushwa ili atoe chochote. Hajazungushwa. Muda huo umewekwa na Kanuni za Kimataifa za Afya, na hakuna muuguzi, daktari wala mkuu wa kituo mwenye mamlaka ya kuupunguza.

Ukichanjwa tarehe 1 Machi, cheti kinaanza kufanya kazi tarehe 11 Machi. Siku hizo ndizo mwili unazozitumia kujenga kinga, kwa hiyo kubadilisha maandishi hakubadilishi kitu ndani ya damu. Tunaelewa presha ya tiketi iliyokwisha kulipiwa. Hata hivyo, anayeomba tarehe "isogezwe" anamwomba mtumishi aghushi hati, na kughushi ni jinai kwa aliyeandika na kwa aliyeitumia.

Kwa kuwa vyeti vingi hukataliwa kwa kasoro ndogo, tueleze taratibu zake. Cheti hutolewa na kituo kilichoidhinishwa na serikali kwa kazi hiyo, si kila kliniki inayochanja watoto. Kinajazwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Lugha nyingine inaweza kuongezwa, lakini haichukui nafasi ya hizo mbili. Lazima kiwe na mhuri rasmi wa kituo pamoja na saini ya mkono ya mhudumu aliyesimamia chanjo. Mhuri pekee haukubaliwi badala ya saini. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, si jina unaloitwa nyumbani. Kila msafiri ana cheti chake; familia haiwezi kuandikwa kwenye kimoja. Mtoto asiyejua kuandika husainiwa na mzazi au mlezi, na mtu mzima asiyejua kuandika huweka alama yake, kisha mwingine akathibitisha kwamba alama hiyo ni yake. Palipofutwa au kukatwa kalamu panaweza kubatilisha cheti kizima.

Hapo kwenye kukata kalamu wapo wanaojiharibia wenyewe. Vyeti vya zamani viliandikwa kwamba vinaisha baada ya miaka 10. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano ni cha maisha, na hivyo vya zamani vimo. Usiifute tarehe ya mwisho iliyomo, wala usimwombe mhudumu aandike juu yake. Kiache kilivyo.

Anayewasili bila cheti halali, akitokea eneo lenye hatari ya ugonjwa huo, mahali kinapotakiwa, anaweza kuwekwa karantini hadi cheti chake kianze kutambulika, au hadi siku 6 tangu alipoweza kuambukizwa kwa mara ya mwisho, ikitegemea lipi linatangulia. Nchi hazifanani: baadhi hudai cheti kwa kila msafiri, nyingine kwa anayetoka au kupitia nchi zenye hatari, na zipo zinazohesabu hata kusubiri ndege uwanjani kwa zaidi ya saa 12. Angalia masharti ya unakokwenda na unakopitia kabla ya kukata tiketi.

Chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, ndiyo maana tunauliza maswali mengi. Mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye kinga iliyoshuka sana na mtoto wa chini ya miezi 6 hawachanjwi. Mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga na aliyefikisha miaka 60 hupimiwa hatari kwanza. Tafadhali usifiche ujauzito au dawa unazotumia kwa kuogopa kukosa mhuri. Daktari akiona hufai kuchanjwa, atakuandikia barua ya sababu za kitabibu, nayo mamlaka za unakofika zinatakiwa kuizingatia, ingawa zinaweza kukufuatilia kwa siku kadhaa.

Lingine linalozua maneno ni kuambiwa "njoo siku ya chanjo". Kichupa cha homa ya manjano, kama cha surua au BCG (chanjo ya kifua kikuu), mara nyingi kina dozi kadhaa, na kikishachanganywa lazima kitupwe ndani ya saa 6. Kukifungua kwa ajili ya mtu mmoja ni kumwaga dozi za wengine. Basi njoo mapema, wiki 4 hadi 8 kabla ya safari. Chanjo mbili za sindano zenye virusi hai zisipotolewa siku moja, kwa kawaida hupishana wiki 4, na msafiri wa dakika za mwisho hana wiki hizo. Mahujaji wanahitaji pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayokinga aina nne za bakteria wake, iitwayo ACWY, angalau siku 10 kabla ya kuingia Saudi Arabia.

Kwa watoto tutasema machache. Mafua na kikohozi cha kawaida si sababu ya kuahirisha. Sindano mbili au tatu siku moja hazimzidi mtoto nguvu. Hili tumelisema mpaka tumechoka. Ukikosa tarehe, mfululizo hauanzi upya, unaendelea ulipoishia, kwa hiyo usikae nyumbani kwa kuogopa kufokewa, na mhudumu anayefoka aripotiwe. Mtoto anayesafiri kwenda kwenye mlipuko wa surua anaweza kuchanjwa tangu miezi 6, lakini dozi hiyo haihesabiwi kati ya zile mbili za kawaida.

Watu wazima wengi huikumbuka pepopunda baada ya kuchomwa na msumari. Chukua kadi yako uhesabu dozi sasa. Kichaa cha mbwa hakina kusubiri siku ya kliniki: ukiumwa na mnyama, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha uende kituoni siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu.

Aliyepoteza cheti arudi kwenye kituo kilekile kilichomchanja, akiwa na pasipoti na tarehe ya chanjo, hata kama ni ya kukadiria. Rejesta ikimwonyesha, ataandikiwa kingine chenye tarehe ileile ya awali. Asipoonekana, atahesabiwa kama hajawahi kuchanjwa, na siku 10 zitaanza upya.